Siku Hiyo Usiahidi Mtu

Cheptoo,

Nakuandikia nikiwa jikoni, na wewe uko hapo tu ng'ambo ya mto unaaga rafiki zako, kwa hivyo usicheke. Najua ningeweza kungoja urudi niseme kwa mdomo. Lakini mdomo wangu leo siuamini. Ni huo huo uliokuambia saa ya chakula kwamba kesho sitakupeleka Londiani, na wewe ukaangalia sahani yako ukasema, "Sawa, Mama. Nimezoea." Halafu ukainuka ukaosha vyombo, hata vya baba yako, ukaenda kukunja nguo zako.

Ungelia ningejua la kufanya. Ungenuna ningekupikia chapati. Lakini hiyo "nimezoea" nimekaa nayo tangu saa ile kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe amshike kidogo tu, na mwenye mtoto haonekani tena. Siwezi kuiweka chini na sijui niipeleke wapi.

Sitakuambia habari ya blanketi na kufunga madirisha. Hayo nimekuambia mpaka nikianza wewe ndiye unamalizia. Nataka tu kuandika vile ilitokea, labda nikiisoma nitaelewa, maana saa hii, mwanangu, sielewi kitu.

Wiki iliyopita ulikuwa unapanguza vikombe hapa hapa nilipo. Ukaniambia, "Mama, hiyo siku ya kwenda usiahidi mtu. Tafadhali." Nikacheka, nikakuuliza ni nani huyo nitamwahidi siku mtoto wangu anaenda kuanza kazi. Ukasema unaogopa kufika peke yako. Ati dispensari yenyewe iko mbali na barabara, nyumba ya nesi iko ndani ya ua huo huo, na unataka tu mtu wa kukaa na wewe mpaka pazia liwekwe. Hicho ndicho kitu pekee umeniomba tangu umalize chuo. Pazia tu! Nikasema ndiyo, na haki ya Mungu nilikuwa namaanisha.

Kesho yake Mama Kipngeno akanikuta kwenye geti na ndoo ya maziwa mkononi. Akaniambia wageni wa msichana wake mdogo wamesema siku ya kuja, wazee wa upande wa kijana, koito yenyewe ya posa, na maziwa ya mursik ya siku hiyo hawezi kumwachia mtu mwingine. "Vibuyu vyako, Mama Cheptoo, na uje umimine wewe mwenyewe. Unajua mkono wako." Akataja siku. Nikaisikia ile siku vizuri kabisa. Nikajua ni siku gani. Na mdomo ukasema, "Usijali, nitakuwa hapo mapema."

Sasa niambie. Nani alisema hayo? Mimi nilikuwa nimesimama hapo nikijisikia nikisema. Nilipofika nyumbani na ile ndoo nikajiambia nitatafuta njia, labda uondoke siku ya pili, labda baba yako akupeleke na mimi nije mwisho wa mwezi. Nikakaa na hiyo siri kama mwizi hadi leo mchana, siku moja kabla, nikakuambia chakula kikiwa mdomoni ili nisiongee sana.

Baba yako amesikia, hakusema kitu mbele yako. Alipotoka kwenda kuangalia majani chai yetu kama yatachunwa kesho au kesho kutwa, akapitia dirishani akaniambia, "Wewe siku ukizikwa, watu watakuja kaburini kuuliza kibuyu chao kiko wapi." Nikamrushia kitambaa. Kikamwangukia begani akaenda nacho mpaka shambani, na sijui kama alikuwa anatania.

Unajua mimi si wa hapa. Nilikuja Bomet kutoka Nyamira nikiwa mdogo kuliko ulivyo sasa, na ndiyo maana hii nyumba imekuwa ya Kiswahili, kwa sababu baba yako hakujua lugha yangu na mimi sikujua yake. Wamama wa hapa walikuwa wazuri kwangu, sitadanganya. Lakini walikuwa wanasema "yule Mkisii wa kina Kiprono" na mimi nilitaka waseme jina langu. Basi nikajifunza kutengeneza mursik. Kogo, nyanya yako, ndiye alinifundisha: kusugua kibuyu ndani kwa ule ufagio wake mrefu mpaka kinuke moshi tu, kuchoma mti wa senetwet na kupaka ule mkaa ndani, kuchemsha maziwa na kuyaacha yapoe kabisa kabla hayajaingia. Kabisa. Alikuwa anaweka kiganja chake juu ya sufuria na mimi nangoja ruhusa.

Nikawa fundi. Nikawa fundi kuliko waliozaliwa hapa, na watu wakaanza kuja. Harusi, wanafunzi wanaorudi kutoka chuoni, askofu anakuja, mtoto wa nani ameshinda mbio. Kila aliyekuja nilimwambia ndiyo, na kila ndiyo nilihisi nimesogea hatua moja ndani ya hiki kijiji. Sasa niko ndani, Cheptoo. Niko ndani hata mlango siuoni. Hakuna mtu anayeniita Mkisii tena. Lakini sikumbuki ni lini nilifika na sijui ni kwa nini sikusimama nilipofika.

Na Kogo mwenyewe ndiye ananichanganya zaidi, kwa sababu yeye hakuwa hivyo hata kidogo. Hukumkuta akiwa na nguvu. Huyo mama alikuwa anaweka kigoda katikati ya mlango akiwa na kazi yake, na ukifika unakiona, unarudi. Hata mzee wa kanisa alikuwa anarudi. Akitaka kukuambia hapana anakuambia "Hapana" halafu anakuuliza ng'ombe wako anaendeleaje. Hakuna ati samahani, hakuna ati ningependa lakini. Nilikuwa namwonea aibu kwa niaba yake. Nikifikiri, huyu akifa tutamzika sisi wenyewe.

Siku ya mazishi yake watu walijaa mpaka kwenye majani chai ya jirani. Nilisimama nikiangalia wale watu wote, wengi wao aliwakatalia mambo mbele ya macho yangu, na walikuwa wanalia kweli kweli. Mpaka leo sijaelewa. Kwani walimpendea nini?

Unajua jina lako ulivyolipata, lakini nadhani hujaambiwa yote. Tumekuambia uliitwa Cheptoo kwa sababu ulizaliwa wageni wakiwa nyumbani, na hiyo ni kweli. Hatujakuambia kwamba mimi uchungu ulinishika nikiwa nawamiminia chai. Walikuwa watu wa ukoo wa baba yako, wa kutoka Kipkelion, mara yao ya kwanza kumwona bibi wa kutoka Nyamira. Ningewaambiaje? Nilishika meza kwa mkono mmoja na birika kwa mkono mwingine, nikatabasamu, nikauliza nani anaongezewa. Kogo akauangalia ule mkono wa birika. Ulikuwa unatetemeka, chai inaenda kwenye sahani. Akaja akanipokonya birika, akaligeukia lile kundi la watu wazima akasema, "Nendeni nyumbani. Chai imekwisha." Na birika limejaa!

Walienda. Walienda wakicheka, mwanangu, wakiniombea, na ulizaliwa hata vikombe havijaoshwa. Wageni walifukuzwa lakini jina wakakuachia. Mimi nilikuwa nimelala hapo na wewe kifuani, na badala ya kukuangalia wewe, nilikuwa najiuliza watasema nini huko Kipkelion.

Simu imelia nikiandika hayo. Katibu wa akina mama wa kanisa. Ati Jumapili tunahitaji mtu wa kusimamia chakula cha wageni wa parokia. Nimesema, "Nitakuambia jioni." Nimejisikia nikisema hivyo nikashtuka, nikaangalia nyuma kama kuna mtu mwingine jikoni. Yeye akasema "Haya" akakata. Sijui jioni nitamwambia nini. Lakini nimegundua kitu, nacho ni kidogo, usikifanye kikubwa: ule mdomo wangu hujibu haraka kwa sababu ninaogopa ule ukimya baada ya swali. Siogopi kazi. Kazi naijua. Ni ule ukimya tu, mtu akiwa anakuangalia usoni anangoja.

Wewe utaangaliwa usoni sana huko. Hii ndiyo inanifanya nisijue nikushauri nini. Mimi kwa vibuyu vyangu hakuna mtu atakufa. Wewe ni nesi, unalala ndani ya ua wa dispensari, na kwa watu wa huko utakuwa daktari hata ukikataa hilo jina. Watabisha. Atabisha mwenye mtoto anayeshtuka kwa homa, na utafungua, tena mbio. Halafu atabisha anayetaka dawa ya kichwa ambacho kimemuuma tangu juzi na amekumbuka sasa kwa sababu ameona taa yako. Atabisha mwenzako wa kazi anayetaka umshikie zamu kwa sababu wewe huna mtoto, huna mume, una nini cha kufanya? Na yule wa mwisho ndiye atakumaliza, kwa sababu atakuja akiwa mzuri, na mayai mkononi.

Ningependa kukuambia fungua huyu, usimfungulie yule. Siwezi. Nimejaribu kuandika hapo juu nikafuta, utaona karatasi imechafuka. Kwa sababu kuna kitu kingine lazima nikuambie ndio usiseme mama yako ni mjinga tu.

Mara moja ukiwa mdogo ulishikwa na homa mpaka macho yakageuka. Mvua ilikuwa hii ya hapa, ya kumwagwa, barabara ikawa uji, hakuna gari lingepanda. Nilitoka nje nikapiga kelele. Mtu wa kwanza kufika alikuwa Mama Kipngeno, bila viatu. Alikubeba yeye, kwa sababu mimi miguu ilikuwa imekataa. Alitembea na wewe kwenye lile tope mpaka barabara ya lami tukapata gari la kutufikisha hospitali ya Longisa. Sikumwomba. Hakuniambia jioni atanijibu. Alikuwa ameacha sufuria kwenye moto nyumbani kwake, na ikaungua, na hakuitaja hata siku moja. Niliambiwa na watoto wake.

Sasa huyu ndiye ninayepaswa kumwambia hapana? Unaona kichwa changu kilivyo? Nikimwangalia Kogo naona naishi vibaya. Nikimwangalia Mama Kipngeno naona naishi vizuri. Na wewe uko katikati unasema umezoea.

Wacha nikupe moja ya kucheka kidogo. Kuna mwaka nilichukua vibuyu vya sherehe nyingi kwa pamoja, kila mtu nimemwambia ndiyo, jikoni hakuna pa kukanyaga. Nilikuwa nawagombeza ninyi, nampigia ndama kelele, nalala na mabega yanauma kama nimebeba majani chai siku nzima. Sikuwa na wakati wa kungoja maziwa yapoe kabisa. Niliweka kiganja juu ya sufuria, nikasikia joto kidogo, nikajiambia hilo ni joto la mkono wangu mwenyewe. Nikamimina. Siku ya wageni mzee wa upande wa kijana akapewa kikombe cha kwanza. Akapiga funda, kumbe maziwa yameharibika, akanyamaza nayo mdomoni. Kutema hawezi, yuko kwa watu anaomba msichana. Kumeza pia hawezi. Machozi yakamtoka. Mwishowe akameza, akapanguza mdomo, akasema kwa heshima kabisa, "Haya maziwa yametoka mbali." Watu wanacheka mpaka leo. Wale waliooana wako sawa, mtoto wao wa kwanza yuko shule.

Mimi sikucheka. Nililia nyuma ya boma. Nilidhani basi, hawatanirudia tena. Na unajua ni nini kilikuwa ndani ya hicho kilio? Kulikuwa na aibu, ndiyo. Lakini pembeni kabisa kulikuwa na kafuraha kadogo, kwamba labda sasa nitapumzika. Nilikaona nikakafukuza. Wiki iliyofuata wakaja tena kuomba kama kawaida, na nikasema ndiyo kwa nguvu zaidi. Ningekuwa na akili ningekasikiliza kale kafuraha. Wewe ukikaona kako, usikafukuze mbio hivyo. Kaulize kametoka wapi.

Na mabega. Mabega yangu yamekuwa yakijua kabla yangu. Tangu pale kwenye geti na ile ndoo hayajashuka. Nilidhani ni baridi.

Mwanangu, kuna mtu sijui nilimsahau vipi katika hesabu zangu zote. Nikimwambia jirani ndiyo, kuna mtu mwingine mahali fulani nimemwambia hapana, na huyo huwa ni mtu wa hapa ndani, na hasikii nikisema kwa sababu sisemi. Anaona tu kiti kitupu. Halafu anaosha vyombo. Hivyo ndivyo naona leo. Kesho naweza kuona vingine, mimi sijiamini tena.

Nimesimama kuongeza kuni, na sasa ndio nimerudi.

Mama Kipngeno amekuja. Nilisikia mtu anakung'uta mwavuli nje nikajua ni yeye kwa vile anavyoguna. Akaingia, akaketi hapo unapoketi wewe, akaangalia vibuyu vyake vimesimama pale ukutani vimefungwa vizuri. Akafurahi. Akasema, "Kesho basi uje mapema kabla wazee hawajafika. Nimekuwekea kitenge kipya uvae."

Kitenge kipya! Nikaona nimekwisha. Ule ukimya ukaja. Mvua ilikuwa inapiga mabati na yeye ananiangalia usoni na ule uso wake ambao naupenda. Nikaangalia mlango. Nikaona kile kigoda cha Kogo, unajua bado tunakitumia kuwekea ndoo. Sikuwaza kitu chochote kikubwa. Nikasema, "Vibuyu viko tayari, vichukue. Kesho mimi sitakuja. Nampeleka Cheptoo Londiani."

Sikuongeza samahani. Haikuwa ushujaa, sauti ndiyo ilikwama.

Akasema, "Si ungesema mapema."

Nikasema, "Nimejua saa hii."

Akaangalia vibuyu, akaniangalia mimi. Halafu akasema, polepole kidogo, "Basi bibi ya Kipngeno atamimina. Amekuwa akitaka sana, ni vile hatukutaka kukunyang'anya."

Cheptoo, hiyo ndiyo ilikuwa yote. Mbingu ziko juu bado. Bibi ya Kipngeno amekuwa akitaka sana! Miaka hii yote kuna msichana amesimama nyuma yangu anangoja nisogee, na mimi nadhani nimebeba kijiji. Nilitaka anisihi, nakuambia ukweli. Nilitaka aseme haiwezekani, bila wewe hakuna sherehe. Hakusema. Nikasikia uchungu, na pia mabega yakashuka yenyewe, vyote viwili kwa wakati mmoja, na sijui nivipange vipi.

Nikamsaidia kubeba vibuyu mpaka geti. Pale akageuka akasema, "Huyo mtoto nilimbeba kwa mvua kama hii. Mwambie asinisahau." Halafu akanishika mkono akaniuliza ng'ombe wetu anaendeleaje. Nikarudi hapa nikakaa nikalia, na usiniulize nililia nini.

Kwa hivyo sasa sijui hii barua ni ya nini. Niliianza iingie kwenye begi lako badala yangu. Sasa ninaingia mwenyewe, na pazia tutaliweka pamoja, na nimekumbuka hatuna misumari, baba yako atatafuta. Nilitaka kuichana. Halafu nikaona kuna kitu kimoja bado sijakuambia, na usoni mwako sitaweza.

Ukiwa huko, mtu atakayekusumbua zaidi si wa dawa ya kichwa wala mwenye mayai. Ni mimi. Nitapiga simu umelala baada ya zamu. Nitakuambia binamu yako anakuja akae kwako wiki moja. Nitakuambia kuna mazishi, kuna harusi, kuna Jumapili ya kanisa, omba ruhusa uje, watu watasema nini. Najijua. Sasa wewe ukitaka kujifunza kusema hapana, anzia kwangu. Mimi nakuruhusu leo nikiwa na akili, kwa sababu siku hiyo sitakuruhusu. Nitanuna. Nitamwambia baba yako umebadilika. Halafu nitaweka chai, nitakunywa, na utabaki kuwa mtoto wangu.

Na nikikuuliza kitu ukanyamaza kidogo kabla ya kujibu, nitajaribu kuungoja huo ukimya. Nitajaribu, sijasema nitaweza.

Geti limelia. Ni wewe. Nakuona kwa dirisha ukivua buti kwenye veranda, hujaniita kama unavyoniitaga, unasugua tope kwenye ngazi kana kwamba nyumba hii si yako. Bado hujui. Nakuja nikuambie kwa mdomo wangu mwenyewe, kabla mtu mwingine hajabisha.

Mama yako